Nilimfukuza Baba Yako kwa Sababu ya Mafuta

Upendo mwanangu,

Ndiyo. Nilimfukuza baba yako kwa sababu ya mafuta. Ulilisema Jumapili, umesimama mlangoni mwa jiko umekunja mikono, na mimi nikageukia sinki nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Mdogo wako Ayubu alikuwa mezani, kijiko kikabaki hewani. Nilikuwa nimetoka kumkatia simu yule kijana wa kampuni ya mafuta ya kupashia nyumba joto aliyekuwa ananihimiza nikubali bei ya sasa kabla baridi haijaanza, eti nikichelewa nitajuta. Nilimtukana kwa Kikinga, lugha ambayo kampuni yao haina mtu wa kuitafsiri. Ndipo ukasema, kwa Kiingereza chako cha haraka, kwamba kila mwaka ni vita hivi hivi, na kwamba ulikuwa na baba mpaka siku mama yako alipoona mafuta yana thamani kuliko yeye.

Halafu, ukiwa unapanda ngazi, ukasema jingine kwa sauti ya chini. Ulidhani maji ya bomba yananizuia kusikia. Ulisema, "Hata hivyo kosa lilikuwa langu mimi."

Sijalala vizuri tangu hapo. Kesho unaenda Columbus kukaa na baba yako na kuanza chuo, na siwezi kukuacha uende na maneno hayo mawili mdomoni. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni uongo mtupu, na uongo huo nimeufuga mimi kwa miaka saba.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kula vizuri. Kufua unajua, kupika unajua ukitaka. Na nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Unakielewa chote, ila umezoea kunijibu kwa lugha ambayo ndani yake mimi nakuwa mfupi na mpole. Leo sitaki kuwa mpole. Ukikwama neno, mpigie Mama Chantal. Yeye yumo ndani ya barua hii na anaijua hadithi yote.

Kabla ya nyumba hii tulikaa kwenye ghorofa kule Langley Park, wewe ukiwa mdogo. Joto lilitoka ukutani kama maji yanavyotoka bombani, hatukuuliza linatoka wapi. Tulipohamia hapa Bowie, baba yako akanizungusha kila chumba, akanionyesha bustani, akanionyesha kule nyuma karibu na uzio kifuniko cha chuma kilichozama kwenye nyasi. Akasema, "Chini hapa kuna tangi. Lori linakuja, linajaza, mashine inachoma, nyumba inapata joto. Mambo haya niachie mimi." Nikamwachia, tena kwa furaha. Mimi nimekulia Makete. Kule baridi inagandisha umande asubuhi, lakini dawa yake ilikuwa mikononi mwetu: unakwenda kukata kuni, unazibeba kichwani, unawasha moto katikati ya jiko, mnauzunguka. Hapa dawa ilikuwa ndani ya lori la mtu. Sikuipenda habari hiyo, na kitu nisichokipenda huwa nampa mwingine akishike. Hiyo ni tabia mbaya. Unayo na wewe.

Sasa nyumba ya Mbeya. Umeiona kwenye picha ukutani kwa baba yako, utaiona tena kesho kutwa. Nisijifanye malaika katika hili. Vigae vyekundu nilivichagua mimi. Kanisani, tulipokuwa tunakutana kwenye ule ukumbi wa shule, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wenzangu "nyumba yetu ya Mbeya" kabla hawajaniuliza hali. Wakenya walikuwa wananitania, "Mama Upendo, hiyo mansion ya Mbeya itaisha lini utualike?" na mimi nacheka, nafurahi. Sikuuliza hata siku moja pesa ya vigae inatoka mfuko gani. Nilitaka vigae.

Mwaka ule, ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, mafuta yalipanda bei, watu wote walikuwa wanalia. Desemba ikaanza na baridi kali, na baba yako akasema lazima aende akapaue, mvua zimeanza Mbeya, kuta zinanyeshewa. Tulimpeleka uwanja wa ndege wa Dulles sote watatu. Ulimshika mkono mpaka mwisho wa foleni. Nikamuuliza, "Na mafuta?" Akanijibu mbele yako, labda unakumbuka, "Nimejaza tangi. Mpaka Machi hamtasikia baridi." Akambusu Ayubu kichwani akaondoka.

Alikuwa hajajaza. Upendo, narudia ili lisipite kama neno la kawaida: alisimama pale, na watoto wake wawili wamevaa makoti, akasema amejaza, na alikuwa hajajaza.

Mwaka mpya ulipopita tu, niliamka alfajiri nikasikia nyumba imenyamaza. Ule muungurumo wa mashine kule chini haukuwepo. Nikadhani imeharibika. Fundi alikuja, akashuka kuitazama, akapanda, akaenda nyuma ya nyumba na fimbo ndefu. Akafungua kile kifuniko, akaishusha fimbo, akaipandisha. Akaniita nitazame. Fimbo ilikuwa kavu kuanzia juu mpaka chini.

"Mama," akaniambia, "mashine yako nzima kabisa. Haina cha kuchoma."

"Haiwezekani. Mume wangu amejaza mwezi uliopita."

Akapiga simu ofisini kwao. Nilikuwa nimesimama na kanga begani na viatu vya ndani kwenye theluji, nasikia sauti ya mwanamke upande wa pili ikisema kwamba nyumba hii haijaletewa mafuta tangu masika, na kwamba hawawezi kuleta tena mpaka lile deni la nyuma liishe. Fundi akaniangalia kwa huruma, akajifanya anafunga kifuniko. Hasira niliyoisikia pale haijatoka mpaka leo. Najua watu wa kanisani wanasema nimsamehe. Wao hawakuitazama ile fimbo.

Nilinunua kadi ya simu, nikampigia baba yako kwenye simu ya mdogo wake. Nyuma ya sauti yake nilisikia nyundo zikigonga mbao. Nikamwambia tangi ni kavu. Akasema, "Nilidhani mwaka huu baridi itachelewa."

"Ulisema umejaza."

"Mama Upendo, kuta zilikuwa zinalowa. Ningefanyaje? Wavalishe masweta. Kwani mimi na wewe hatukukua kwenye baridi?"

"Tulikua na kuni, Elia!"

"Wiki mbili tu nimalize vigae, nitatuma kitu."

Hakutuma kitu. Kadi iliisha tukiwa bado tunabishana.

Sasa nakuja kwenye sehemu unayoikumbuka wewe, na unavyoikumbuka ndivyo nilivyotaka uikumbuke. Unakumbuka tulihamia jikoni. Tulitandika magodoro chini, tukatundika mablanketi madirishani, tukafungua mlango wa oveni, tukalala watatu kama vifaranga. Mwaka jana ulimwambia rafiki yako hapa nyumbani kwamba hiyo ilikuwa krismasi nzuri kuliko zote, ingawa krismasi ilikuwa imepita. Nilikuambia tunacheza Makete. Kila jioni nilikusimulia jinsi bibi yako alivyowasha moto katikati ya nyumba, moshi ukipanda kwenye paa, sisi tukichoma viazi kwenye majivu. Ulikuwa unasema, "Tell it again." Nikasimulia tena, na tena. Niliupamba moto ule mpaka ukawa mtamu kuliko ulivyokuwa.

Na lile koti la bluu. Unasema baba yako alikutumia kutoka safarini. Nililinunua mimi kwenye duka la nguo za mitumba hapo barabarani, nikakuambia limetoka kwa Baba kwa sababu ulikuwa unauliza mbona hapigi simu. Hata salamu zake nilikuwa nazitunga. "Baba anasema amekuota." Huyo baba unayemwendea kesho, yule anayekufikiria kila siku, nusu yake nilimtengeneza mimi jikoni ili usilie. Nilidhani nakulinda. Nimekutengenezea mtu, na sasa unanipiga naye kama fimbo.

Aliyetuokoa kwanza ni Mama Chantal. Tulikuwa tunafanya kazi wote kwenye ile nyumba ya wazee, mimi na yeye tunawageuza vitandani, tunawaosha. Sikumwambia kitu. Aliona tu kwamba kila siku nabaki bafuni kwa wazee na mikono yangu kwenye maji ya moto. Akafunga mlango.

"Dada, kwako hakuna moto?"

"Upo."

"Weye unaficha haya ya nini? Batoto banasikia baridi na weye unaona haya?" Ndivyo wanavyosema kwao Bukavu. Akaniambia mumewe ni dereva wa malori, na mumewe amesema mashine kama yangu inakubali kuchoma mazutu. Mazutu ndiyo dizeli. "Enda kwa kituo, jaza madumu, mwaga ndani ya tangi. Itawaka siku moja, mbili. Utarudia tena."

Jioni hiyo hiyo tulikwenda, mimi na wewe, na Ayubu nyuma kwenye kiti chake. Tulimwaga dizeli kwenye tundu la tangi kwa faneli, mikono inaganda. Kisha tukashuka chini kwenye mashine. Mume wa Mama Chantal alikuwa ananielekeza kwa simu: legeza kile kiskrubu pembeni, weka chupa chini yake, bonyeza kitufe, ngoja hewa itoke. Wewe ulishika tochi. Mashine ikakohoa, ikatema mapovu, ikakohoa tena, kisha ikawaka, na wewe ukaruka juu ukapiga kelele. Nililia, nikasema ni harufu ya dizeli.

Tuliishi hivyo. Nikitoka kazini napitia kituo cha mafuta, najaza madumu, namwaga. Kila mara nikichelewa mashine inavuta hewa na inabidi nishuke tena na spana. Ungeniuliza, mbona hukuwaambia watu wa kanisani? Wangenisaidia jioni ileile. Niliona aibu, basi. Mwanamke mwenye vigae vyekundu Mbeya anaombaje mafuta Bowie? Nilichagua watoto wangu walale mbele ya oveni kuliko watu wajue. Sina maneno mazuri ya kulipamba hilo.

Halafu ikaja ile siku ya theluji.

Shule zilifungwa. Yule mama aliyekuwa anamtunza Ayubu naye akafunga. Sheria ya hapa hairuhusu mtoto wa miaka kumi na mmoja kumlinda wa miaka minne, na mimi niliijua. Lakini nilikuwa nimeshaonywa kazini kwa kuchelewa, na nikipoteza kazi, hata madumu hakuna. Nikakuambia, "Nitarudi mchana. Msitoke, msifungue mlango." Madumu yalikuwa matupu. Nilipanga kuyajaza nikitoka.

Mchana theluji ikazidi, wenzetu wa zamu ya jioni wakashindwa kufika. Msimamizi akasema hakuna kuondoka, anayeondoka amewatelekeza wazee. Nikakupigia. Ulipokea ukiwa mchangamfu, lakini sauti yako ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mashine ilizima, Mama. Lakini sasa tuna joto. Nimefanya kama Bibi."

"Umefanya nini?"

"Nimewasha moto. Wa Makete. Jikoni."

Ulikuwa umeingiza lile jiko la kuchomea nyama kutoka banda la gari, ukalitia makaa, ukaliwasha katikati ya jiko, milango imefungwa, mablanketi madirishani kama nilivyoyaziba mimi mwenyewe. Ukaniambia kichwa kinakuuma kidogo. Nikakuuliza Ayubu yuko wapi. Ukasema amelala, umemwamsha anywe maziwa hataki kuamka.

Upendo, nyumba ya bibi yako ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa, upana wa mkono. Moshi ulitoka, na ile sumu ya makaa isiyo na harufu ilitoka nao. Nilikusimulia moto mara zote zile na sikukuambia habari ya ile nafasi. Sikuwahi kuifikiria. Kwetu hakuna aliyeitaja, ilikuwepo tu.

Nilipiga kelele ambayo hata wazee viziwi waliisikia. "Toka nje! Mbebe Ayubu! Sasa hivi!"

"But it's snowing—"

"Toka! Achia simu, mbebe, toka!"

Nikasikia simu inagonga ukuta. Nikasikia unamwita Ayubu. Nikasikia kitu kinaburutwa, kisha kimya, kisha tena kinaburutwa. Mlango sikuusikia. Nilishikilia ile simu na Mama Chantal akachukua nyingine akaita gari la wagonjwa, na mimi bado nasikiliza jiko langu lisilo na mtu. Mpaka leo sijui ulifungua mlango dakika gani. Jirani yetu wa ng'ambo, yule mzee mstaafu wa jeshi, alikuwa anazoa theluji kwa koleo kwenye njia yake. Aliniambia baadaye alikuona unatambaa ukimvuta mdogo wako kwa kofia ya koti, ukatapika, ukaendelea kuvuta. Alidondosha koleo akakimbia.

Msimamizi alisimama mlangoni akasema nikitoka nisirudi. Mama Chantal akamwambia kwa Kiingereza chake kibovu, "Yeye anaenda. Wazee wote leo ni wangu." Nikatoka.

Nilipofika hospitali mlikuwa na vinyago vya oksijeni, nyote wawili. Ayubu alikuwa amefungua macho. Daktari akasema mngechelewa kidogo tu asingekuwa na cha kunieleza.

Kisha akaja yule mwanamke wa ustawi wa jamii. Alikuwa na sauti nzuri. Akauliza, "Nani aliwasha makaa ndani?"

Na wewe, na kinyago usoni, ukanyoosha mkono kama uko darasani.

Hapo nilipaswa kusema. Nilipaswa kusema: mimi niliwaacha, mimi niliziba madirisha, mimi nilimfundisha moto bila kumfundisha tundu la moshi, na baba yao aliondoka na joto lao akalipandisha juu ya paa la nyumba isiyo na mtu. Nilikuwa na maneno yote hayo na Kiingereza chake. Nikanyamaza. Niliogopa wakijua nyumba haina mafuta watawachukua. Nikaacha mkono wako ubaki hewani peke yake, mpaka yule mwanamke mwenyewe alipoushika akaushusha.

Waliujua ukweli wote siku tatu baadaye, walipokuja kukagua nyumba. Na unajua walifanya nini? Hawakuwachukua. Yule mwanamke alikaa kwenye godoro letu la jikoni, akaniuliza kwa nini sikuomba msaada wa serikali wa kulipia joto, kwamba upo kwa ajili ya watu kama mimi. Lori lilikuja wiki ileile. Nililisikia linajaza nikakaa kwenye ngazi kwa hasira. Msaada ulikuwepo muda wote! Nilikuwa nimekaribia kuwazika kwa ajili ya kitu ambacho kilikuwa kinangoja nikiombe. Nikiwa na hasira na baba yako, usifikiri nimejisahau.

Alirudi Machi. Alisema bado ana uchovu wa ndege. Wewe ulimrukia shingoni na koti lako la bluu, ukamshukuru kwalo, na yeye akasema, "Karibu, mwanangu," bila hata kuuliza koti gani. Ulipopanda juu, akapanga picha za nyumba mezani. Vigae vilikuwa vimependeza sana.

Nikamwambia, "Ulisema umejaza."

"Nilisema nitajaza."

"Elia."

"Mafuta, mafuta! Nimeruka bahari mbili nimekuta habari ni mafuta. Kila mtu mwaka huu amekosa mafuta."

"Watoto walikuwa wanakufa."

Ndipo akasema neno ambalo sikutaka ulisikie maisha yako yote, na sasa naliandika kwa sababu unakwenda kuishi kwenye nyumba yake, na baridi itakuja, na siku moja atalisema mezani akidhani ni mzaha. Akasema, "Mimi sikuwasha makaa. Muulize binti yako. Nusura aniulie mwanangu."

Binti yako. Mwanangu. Alikugawa kwangu na akamchukua Ayubu, kwa sentensi moja, akiwa ameshika picha ya paa.

Sikupiga kelele. Begi lake lilikuwa bado na kile kikaratasi cha ndege kwenye mpini. Nikalibeba, nikafungua mlango, nikaliweka nje kwenye tope la theluji iliyoyeyuka. Akatoka nyuma yangu hana hata viatu. Akasema kwa nguvu, ili majirani wasikie na ili wewe uliye juu usikie, "Unanifukuza kwa sababu ya mafuta?"

Ningejibu nini? Ulikuwa umeshatoka chumbani, niliona miguu yako kwenye ngazi. Ningesema namfukuza kwa sababu ya alichokisema juu yako, ungeuliza alisema nini. Nikajibu, "Ndiyo. Kwa sababu ya mafuta."

Basi ukashika hilo. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyewasha moto, na baba akaondoka baada ya moto, ukaunganisha mwenyewe, kimya kimya, chumbani mwako, miaka saba, na mimi nikidhani umesahau kwa sababu hukulizungumzia. Jumapili ndipo nilipojua. Nilisimama pale sinki nikataka kuipasua ile sufuria.

Mtazame Ayubu. Kesho asubuhi kabla hujatoka mtazame vizuri. Ana umri uleule uliokuwa nao. Juzi alisahau begi la shule kwenye basi, anaogopa kulala taa ikizimwa, bado anataka nimkatie nyama. Mtwike kichwani yule mtoto ulichojibebesha wewe. Mwambie kwamba yeye ndiye aliyevunja ndoa ya wazazi wake. Utaona mwenyewe kama kinakaa.

Na bado ulimtoa nje. Hilo hakuna anayelisema, hata mimi sikulisema. Mtu mzima angelala pale. Wewe ulitambaa.

Sikukatazi kwenda. Baba yako si jambazi. Anakupenda kwa namna anayoiweza, anacheka vizuri, na chuo kile ni kizuri. Miaka hii amekuwa akileta matumizi ya Ayubu bila kukumbushwa, hilo nalo niliseme. Nyumba ya Mbeya anakaa shangazi yako. Nikienda, nitalala pale na sitazungumza na vigae. Lakini akikuambia amefanya jambo, nenda ukaangalie kwa macho yako. Nami nikikuambia, niangalie vilevile. Tulikudanganya wote wawili, yeye ili aondoke, mimi ili usilie, na sioni kama uongo wangu ulikuwa na uzito mdogo.

Nitakuendesha mpaka stesheni ya basi. Nitakuwa nimekunja uso, unanijua. Nitagombana na foleni ya barabara na yule mtu wa mizigo. Miaka yote ukiniona hivyo ulikuwa unapita pembeni ya ukuta, na mimi nilidhani ni ujana tu. Sasa najua ulikuwa unafikiri nini. Hasira ninayo, Upendo, na sina mpango wa kuiacha. Haikuwa juu yako hata siku moja.

Mama yako, niliyekaa jikoni kwetu